Kicheza sauti kimetengenezwa vizuri lakini hakikumbuki kilipoishia: nifanye nini?

Mwana wa Limbani, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Naomba msaada wenu juu ya kifaa kidogo cha kusikilizia sauti nilichomnunulia mama yangu miezi mitatu iliyopita katika duka moja la Darajani, nilipokuwa Unguja kwa shughuli za skuli. Nilikilipia shilingi 185,000, na siku ile sikuona kuwa nimepunjika, kwa sababu chombo chenyewe kimetengenezwa kwa uangalifu: gamba lake ni la chuma, vitufe vyake vitano vimeinuka kiasi cha kutambulika kwa kidole bila ya kutazamwa, chaji moja inamtosha mama karibu wiki nzima, na sauti inayotoka humo ni safi kuliko ya simu yangu. Kinachonisikitisha ni programu iliyotiwa ndani yake.

Niwaeleze kwanza kilichonipeleka kukinunua. Marehemu baba yangu alikuwa akisomesha darsa baada ya sala ya Magharibi, na tangu miaka ya 1980 wanafunzi wake walikuwa wakimrekodi kwa redio kaseti. Tulibakiwa na kanda 62, zote za dakika 90, na mwaka jana nilikaa nazo likizo nzima nikizihamishia kwenye kompyuta upande mmoja mmoja, hata nikapata mafaili 124 ya MP3, kila moja la dakika 45. Mama macho yake yamepungua nguvu na hawezi kusoma maandishi ya kwenye kioo. Simu ya kugusa nayo inamtaabisha, kwani kidole kikiteleza kidogo tu huwa ameshampigia mtu ambaye hakukusudia kumpigia. Nikaona kuwa chombo chenye vitufe ndicho kitakachomfaa.

Kila siku baada ya sala ya Alasiri mama hukaa kwenye kibaraza cha uani, akalifungua pindo la kanga yake alimokifunga chombo, akabonyeza kitufe cha katikati na kusikiliza mpaka apitiwe na usingizi au abishiwe hodi. Akishakisimamisha, chombo hujizima chenyewe baada ya dakika kumi ili kuhifadhi betri. Kesho yake akikiwasha, hakirudi pale alipoishia, wala hakirudi hata kwenye lile faili alilokuwa akilisikiliza. Kinaanza upya kutoka faili la kwanza la kanda ya kwanza, na bismillahi ile ile na kikohozi kile kile cha baba. Siku ya kumi na moja aliniuliza: "Mwanangu, mbona baba yako kila siku anaanza mwanzo?" Sikuwa na la kumjibu.

Zipo na kasoro nyengine. Mpango wa mafaili umevurugika, kwani baada ya kanda ya kwanza huja ya kumi, kisha ya kumi na moja, hadi ya kumi na tisa, ndipo ije ya pili. Majina niliyoyaandika kwa hati ya Kiarabu yanatokea kama alama za kuuliza tupu. Nilishusha toleo jipya la programu kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, ambalo ni la miaka miwili nyuma na hakuna jengine baada yake. Halikuponyesha hata moja kati ya haya, bali limeleta jipya: kila chombo kinapowashwa sauti hupanda juu kabisa, hata mama akashituka na kuvua spika za masikioni. Nilirudi dukani, na muuzaji akanijibu kwa upole kwamba chombo ni kizima na hiyo ndiyo programu yake.

Jambo linaloniuma ni kuwa redio kaseti ya zamani haikuwa na taabu hii. Ulikuwa ukiitoa kanda katikati ya maneno hapa Wete, ukaenda nayo Chake, ukaitia katika redio ya mtu mwengine, na ikaendelea kutoka neno lile lile. Nauliza, basi: je, kasoro ipo kwenye chombo au kwenye mafaili yangu? Na je, ipo njia ya kukifanya kikumbuke, au nimtafutie mama kitu chengine?

Fundi wa Mlandege

Waalaykum salaam Mwalimu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu.

Mafaili yako hayana kosa katika hili la kusahau. Kanda ilikuwa ikikumbuka kwa sababu ya umbo lake lenyewe, maana utepe unaposimama, mahali uliposimama ndipo kumbukumbu ilipo, na hakuna aliyehitaji kuiagiza. Katika chombo cha kidijitali, mahali ulipoishia ni namba tu inayokaa kwenye kumbukumbu ya muda, nayo hupotea umeme unapokatwa, ila ikiwa aliyeandika programu ameagiza kwamba namba hiyo inakiliwe kwenye kumbukumbu ya kudumu kabla chombo hakijazimika. Agizo hilo ni fupi sana kwa anayejua kazi yake, lakini lazima mtu alifikirie na aliandike, na katika vyombo vingi vinavyoletwa hapa mezani kwangu naona halikufikiriwa.

Kwa hivyo fanya jaribio moja kabla ya lolote. Weka faili la katikati, lisikilize dakika mbili, kisha usingojee chombo kijizime; shikilia kitufe cha kuzimia mpaka uone picha ya kuaga. Ukikiwasha na ukakuta kimerudi mahali pake, basi tumeshajua kwamba programu ina njia mbili za kuzima, na ni ile ya kujizima tu ndiyo isiyohifadhi kitu. Hapo ingia kwenye menyu, ondoa kule kujizima, na umfundishe mama kushikilia kitufe anapomaliza. Kama hata hivyo kimesahau, jaribu la pili: baadhi ya vyombo hukumbuka mahali kwa vitabu vya sauti tu na si kwa nyimbo. Katika vile vya SanDisk vya Sansa Clip, kwa mfano, faili likiwekwa kwenye folda la vitabu vya sauti, au likiandikwa Audiobook katika sehemu ya aina ya muziki, chombo hulihifadhia mahali pake, ilhali faili lile lile likiwa miongoni mwa nyimbo halihifadhiwi. Katika iPod nako kulikuwa na alama ya kuweka kwa kila faili kupitia iTunes ili likumbukwe. Chombo chako huenda kikawa na mlango kama huo, japokuwa kitabu chake cha maelezo hakikuutaja.

Huu mpango uliovurugika tiba yake ni nyepesi. Programu inalinganisha majina herufi kwa herufi, na kwa hesabu hiyo 10 hutangulia 2, kwa sababu 1 hutangulia 2. Yape majina upya kuanzia 01A hadi 62B, na uandike pia namba ya mfuatano ndani ya kila faili kuanzia 1 hadi 124, kwani vyombo vyengine hufuata namba hiyo na havitazami jina. Vipo hata visivyofuata jina wala namba, bali hupiga mafaili kwa mfuatano yalivyoandikwa kwenye kadi. Kwa ajili ya hivyo, ifute kadi na uyanakili upya kwa zamu. Hati ya Kiarabu hutegemea namna maandishi yalivyohifadhiwa ndani ya faili: yaandike kwa Mp3tag, programu ya kuhariri maelezo yaliyomo ndani ya mafaili ya sauti, katika muundo wa maelezo uitwao ID3v2.3 na kwa usimbaji wa herufi uitwao UTF-16, na ikiwa alama za kuuliza hazikuondoka, basi chombo chenyewe hakina herufi hizo, na usijisumbue zaidi.

Muuzaji alipokwambia chombo ni kizima alisema kweli kwa upande wa chuma na waya, lakini mnunuzi hanunui chuma peke yake. Wala tusidhani kwamba haya huwapata watengenezaji wadogo tu. Tarehe 31 Disemba 2008 vicheza muziki vya Zune vya GB 30, vilivyotengenezwa na Microsoft, viliganda kwa siku moja duniani kote. Mwaka ule ulikuwa mrefu, wenye siku 366, na kipande kidogo cha programu ya saa kilipoifikia siku ile ya 366 kilikuwa kikizunguka pale pale bila ya kutoka. Wenye navyo waliambiwa waiache betri iishe, kisha wakiwashe chombo baada ya saa sita mchana, saa za Greenwich, ya tarehe 1 Januari 2009. Si betri iliyokuwa na kosa, wala kioo, wala diski.

Kijana wa Fuoni

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi naona ungekiuza na ukamnunulia mama simu ya bei nafuu isiyotiwa laini. Programu za kusikilizia vitabu zipo nyingi, nazo hukumbuka kila faili lilipoishia, na siku zinapotolewa mpya unaziingiza mwenyewe bila ya kumngojea mtengenezaji wa chombo.

Mwana wa Limbani, Wete

Ahsante mdogo wangu, na shauri lako lina ukweli, lakini kwa mama simu bila ya laini ni kioo kile kile cha kuteleza. Anachotaka ni kitufe kimoja anachokijua kidole chake hata taa zikiwa zimezimika. Nimefanya jaribio la kwanza la Fundi usiku huu, na chombo kimesahau hata nilipokizima kwa mkono. Nitajaribu la pili kesho.

Bi wa Chake

Kaka yangu, nimeisoma habari ya mama nikamkumbuka ami yangu, ambaye hana kabisa uwezo wa kuona na anapenda kusikiliza Qur-ani na darsa kuliko kitu chochote. Sisi tulipita njia nyengine, nayo ni kuibadilisha programu yenyewe.

Ipo programu huria iitwayo Rockbox, iliyoanzishwa mwaka 2001 na watu waliokuwa na vicheza muziki vya Archos na ambao hawakuridhika na programu vilivyokuja nayo, wakaamua kuiandika yao kuanzia mwanzo. Hadi leo inaendelea kutunzwa na watu wa kujitolea, na hailipiwi. Imewekwa kwenye vyombo vingi vya zamani, vikiwemo iPod Classic, iPod za video na Sansa Clip+. Sisi tuliitia kwenye Clip+ iliyokwishatumika, ambayo ami aliletewa na mwanawe, na ile programu ya asili haikuondoka. Ukishikilia kitufe cha kushoto wakati wa kuwasha, inarudi kama kawaida.

Yapo mambo mawili yaliyomfaa ami, nami naamini yatamfaa mama. La kwanza ni alama za kitabu. Unaiagiza programu mara moja tu kwamba kila msikilizaji anaposimamisha iweke alama, na kila folda linapofunguliwa ianze kutoka kwenye alama ya mwisho. Na kila folda lina alama yake, hivyo mtu anaweza kuacha darsa katikati, akasikiliza Qur-ani siku mbili, akarudi kwenye darsa pale pale alipoliacha. La pili ni kwamba menyu inasema. Kidole kikishuka, sauti inatamka kilichochaguliwa, na kila folda linaweza kuwekewa faili fupi la sauti lenye jina lake, ili asiyeona ajue amefika wapi. Ami alipoisikia mara ya kwanza alikirudisha chombo mkononi mwangu akauliza ni nani anayezungumza ndani, kisha akakichukua tena, na tangu siku hiyo hajamwomba mtu amtafutie sura.

Lakini nakutahadharisha sana: usijaribu kuitia katika chombo ambacho hakimo katika orodha yao. Programu ya namna hii huandikwa kwa ajili ya kichakataji na kioo maalumu, na ukilitia toleo la chombo chengine unaweza kukifanya kisiwake tena. Kama chako hakimo, afadhali utafute Clip+ au iPod iliyotumika. Uliza kwanza hali ya betri, maana iPod Classic iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na toleo la mwisho la iPod za kila namna liliondolewa sokoni mwaka 2022, kwa hivyo utakayoipata huenda betri yake imechoka. Kadi si tatizo: saa 93 za darsa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hazizidi GB 6, na kadi ya GB 8 inatosha.

Mzee wa Kanda, Mchangani

Mwanangu, mimi si mjuzi wa programu, ila nina miaka mingi ya kuhamisha kanda za taarab, na nina neno juu ya mafaili yako ikiwa utaamua kubaki na chombo hicho hicho.

Faili la dakika 45 ni refu mno kwa chombo kisichokumbuka. Likate vipande vya dakika saba au kumi, ili hata chombo kikisahau, mama awe amepoteza dakika chache na si darsa zima, na kila kanda iwe katika folda lake. Tumia programu ya mp3DirectCut, ambayo hukata faili la MP3 bila ya kulibana upya, hivyo ubora haupungui hata chembe. Usikate kwa saa. Sikiliza mahali mzee alipopumua, alipofunua ukurasa au alipomwachia mwanafunzi asome, ukate hapo.

Nakwambia haya kwa sababu ya jambo lililonikera mimi mwenyewe. MP3 hupangwa kwa vipande vidogo vidogo vya sampuli (vipimo vya sauti) 1152, kila kimoja ni kama milisekunde 26, yaani sehemu 26 za elfu za sekunde, na programu ya kubana huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili ili hesabu itimie. Programu nzuri ya kubana huandika ndani ya faili ni kiasi gani cha ukimya kilichoongezwa, na programu nzuri ya kusikilizia hukisoma kiasi hicho na kukiruka. Chombo changu hakikisomi. Ninayo rekodi ya taarab ya usiku mzima ambamo bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, inamalizika na wimbo unaanza papo hapo, fidla hazijashushwa, watu wanapiga makofi. Nilizigawa faili mbili, na sasa kila nikisikiliza, makofi yanakatwa kama kwa wembe, kimya kinaingia, kisha wimbo unaanza kama ni wa siku nyengine. Katika darsa iliyokatwa penye pumzi hutokisikia kimya hicho. Ikikatwa katikati ya neno, utakisikia kila siku.

Mwana wa Limbani, Wete

Nawashukuru nyote kwa wakati wenu, na narudi kueleza nilipofikia baada ya wiki tatu.

Jaribio la pili la Fundi, la kuandika Audiobook katika aina ya muziki, halikubadilisha kitu, lakini katika kupekua menyu niliona sehemu ya kufungua kadi kwa mafolda, mbali na ile ya muziki ambayo huyapanga mafaili yote 124 kama orodha moja. Kwa kupitia humo chombo kinakumbuka folda la mwisho, ingawa ndani ya folda huanza faili la kwanza. Hapo shauri la Mzee wa Kanda likawa na maana kubwa zaidi kuliko nilivyolifahamu mwanzo. Nimeshakata kanda tisa, kila moja ikiwa na folda lake, namba zimewekewa sifuri mbele, na mpango sasa ni sahihi. Mama anabonyeza kitufe cha kulia mara anazozihesabu kwa tasbihi yake: jana aliisogeza kete ya nne, na leo atabonyeza mara nne kabla ya kuiacha icheze. Sauti ya kupanda juu kabisa haijapona. Nilichokipata ni kipengele kidogo cha menyu kinachoweka mpaka wa sauti, nami nimekishusha hadi kiwango cha kumi na tano.

Dada yangu wa Chake, nimeitazama orodha na chombo chetu hakimo, kwa hivyo sikukigusa. Binamu yangu aliyeko Muscat amepata Clip+ kwa mtu, betri yake bado inashika, na ataileta akija kwa Idi. Ninakuomba ukipata nafasi unieleze namna mlivyorekodi yale majina ya mafolda, kwa sababu ningependa mama ayasikie kwa sauti ya mjukuu wake kuliko kwa sauti ya mashine.

Mzee wangu wa Mchangani, kanda ya saba upande wa pili nimeikosea. Niliikata kwa haraka usiku, umeme ukiwa unacheza, na nimempitia baba katikati ya aya. Mama aliigundua siku hiyo hiyo na akaimalizia aya mwenyewe kabla faili la pili halijaanza. Nitaikata upya Ijumaa baada ya sala.